Nyonga Hukatwa Kwanza kwenye Kompyuta

Majuma machache yaliyopita ukurasa huu ulipokea barua ya mfanyakazi mmoja wa Mwanza, ambaye jina lake tunalihifadhi. Dada yake anaishi Kiloleli, mkoani Simiyu, na ana mtoto wa kiume wa miaka 13 ambaye kwa muda mrefu amekuwa akichechemea. Mtoto alilalamika goti. Goti likakandwa kwa maji ya moto, likapakwa dawa, likafungwa kitambaa. Maumivu hayakuondoka, na mguu ukaanza kugeukia nje kama wa mtu atembeaye kwa majigambo. Hatimaye picha ya eksirei ikaonyesha kwamba goti ni zima, ubovu uko kwenye nyonga. Sasa jamaa wameelezwa kuwa mfupa wa paja utakatwa na kupangwa upya, lakini kabla ya siku hiyo mtoto atapigwa picha za CT-skani, na upasuaji wote utajaribiwa kwanza kwenye kompyuta.

Hadi hapo mjomba mtu hana neno. Kilichomfanya ashike kalamu ni maswali ambayo daktari alimwuliza bibi wa mtoto. Je, mtoto hula akiwa ameketi mkekani au kitini? Choo cha nyumbani ni cha kuchuchumaa? Huendesha baiskeli? Hutoka na ng'ombe? Bibi alichukia, akaona kwamba mambo ya chooni hayamhusu daktari hata kidogo. Naye mjomba anauliza: ikiwa kompyuta inajua kila kitu, maswali hayo ni ya nini?

Swali hilo ni zuri kuliko mwulizaji mwenyewe anavyodhani, nasi tumeona linastahili ukurasa mzima.

Nyonga ni kiungo kinachoficha siri zake. Goti tunaliona, kiwiko tunakishika, lakini nyonga imezama ndani ya mnofu mnene. Huko ndani mna kinu na mchi. Kichwa cha mfupa wa paja, mviringo kama chungwa dogo, kimeingia katika kikombe kilicho kwenye fupanyonga, yaani ule mfupa mpana wa kiunoni, na vyote viwili vimevikwa gegedu laini ili viteleze bila kusagana. Mzigo ambao kinu hicho hubeba ni mkubwa ajabu. Katika miaka ya 1930 Mjerumani Friedrich Pauwels, daktari wa mifupa wa mji wa Aachen, alikokotoa kwamba mtu asimamapo kwa mguu mmoja, kama tufanyavyo sote katika kila hatua, nyonga ya mguu huo hubanwa kwa nguvu ya takriban mara tatu ya uzito wa mwili wake. Sababu yake aijua kila aliyewahi kuona watoto wakibembea juu ya gogo: aliyekaa karibu na egemeo hana budi kuwa mzito zaidi ili amwinue aliyekaa mbali. Uzito wa mwili umening'inia upande wa ndani, mbali na kiungo; misuli ya upande wa nje iko karibu nacho, kwa hiyo hulazimika kuvuta kwa nguvu nyingi mno ili kiuno kisianguke. Mwenye kilo 60 huikandamiza nyonga yake kwa kilo 180 hivi, na hufanya hivyo maelfu ya mara kwa siku moja. Umbo la mfupa likiwa na kombo, hata kama ni dogo, mzigo huo hukaa mahali padogo badala ya kutawanyika, gegedu huliwa kidogo kidogo, na mtu wa miaka 40 akaanza kutembea kama babu yake.

Kwa jinsi barua inavyoeleza, maradhi ya mtoto wa Kiloleli ni yale ya kuteleza kwa kichwa cha mfupa wa paja. Mtoto anaporefuka kwa kasi, aghalabu kati ya miaka 10 na 15, huwapo tabaka la gegedu la ukuzi kati ya kichwa cha mfupa na shingo yake. Tabaka hilo laweza kulegea, kichwa kikabaki kikombeni huku shingo ikisogea mbele, mfano wa kofia iliyoteleza kuelekea kisogoni. Na kwa kuwa mishipa ya fahamu ya nyonga na ya goti ina shina moja, mtoto huweza kuhisi maumivu gotini wala asiguse nyonga kabisa. Hapa ndipo miezi mingi hupotea. Nami sitaki kumlaumu mama wa mtoto, kwa maana hata mhudumu wa afya anayeoneshwa goti hutazama goti.

Wazazi, basi, na wafahamu jambo hili hata kama watasahau mengine yote yaliyo katika safu hii. Mtoto wa umri huo anayechechemea kwa zaidi ya juma moja au mawili, anayelalamika goti au paja wakati goti lenyewe halijavimba, ambaye unyayo wake umeanza kuelekea nje, apelekwe apigwe picha ya nyonga zote mbili. Na mtoto wa namna hiyo akiamka siku moja hawezi kabisa kukanyaga, asilazimishwe kutembea hata hatua moja. Abebwe, na afikishwe hospitali siku hiyo hiyo. Kichwa kilichoteleza kidogo tu huweza kushikizwa mahali pake kwa skrubu moja kupitia tundu dogo la ngozi, na mambo yakaishia hapo. Kilichoteleza sana, kikagandia pabaya, ndicho kinachohitaji msumeno.

Sasa tuje kwenye msumeno huo.

Daktari hawezi kila mara kukirudisha kichwa mahali pake pa asili, maana mishipa ya damu inayokilisha ni myembamba na ikikatika kichwa hufa. Njia mojawapo aliyo nayo ni kuukata mfupa wa paja chini ya shingo, kuugeuza kwa nyuzi zilizopimwa, kisha kuushikiza kwa bamba la chuma na skrubu. Lakini upasuaji huo hauongezi mwendo wa nyonga, huuhamisha tu. Tuseme nyonga ya mtoto inakunjika nyuzi 60 basi, naye hawezi hata kuketi vizuri kitini, ambako huhitaji nyuzi 90 hivi. Daktari akiugeuza mfupa nyuzi 30, mtoto ataweza kuketi. Nyuzi hizo 30, hata hivyo, hazikutoka mbinguni. Zimechukuliwa upande wa pili, pale mguu unaponyooka kwenda nyuma. Vivyo hivyo unyayo unaoelekea nje ukirudishwa ndani, mtoto atatembea akipendeza, lakini ukirudishwa kupita kiasi hataweza kukunja miguu mkekani, kwa maana mkao huo wataka paja ligeukie nje. Ni kama nguo fupi kitandani: ukivuta kufunika mabega, miguu inabaki nje.

Zamani hesabu hizi zilifanywa kwa karatasi na mkasi. Daktari aliweka karatasi nyepesi juu ya picha ya eksirei, akachora mfupa kwa penseli, akakata mchoro kwa mkasi, akaugeuza juu ya meza mpaka aridhike, kisha akapima pembe. Tusiicheke njia hiyo. Imewanyoosha wengi, na hadi leo ipo mahali inapotumika. Upungufu wake ni kwamba karatasi ni bapa na mfupa si bapa. Picha ya eksirei ni kivuli, na kivuli cha mchi uliosimama wima huonekana kuwa duara tu.

Aliyetuondolea kivuli ni CT-skani, nayo ina historia ambayo sina budi kuidokeza. Hesabu zake za mwanzo zilifanywa barani Afrika. Mwaka 1956 Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alifanya kazi kwa muda katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, akaanza kujiuliza jinsi ya kuujua undani wa mwili kutokana na miali inayopita ndani yake kutoka pande nyingi. Alichapisha majibu yake mwaka 1963 na 1964, na ni wachache mno waliomjali. Mashine yenyewe ikaja kuundwa Uingereza na Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI, na mgonjwa wa kwanza akapigwa picha London mwezi Oktoba 1971, mwaka ule ule ambao hospitali ya Bugando ilifunguliwa Mwanza. Mwaka 1979 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel. Wapenzi wa taarabu watafurahi kusikia kwamba EMI ilizaliwa mwaka 1931 kwa kuunganishwa kampuni za santuri, mojawapo ikiwa ile yenye nembo ya mbwa asikilizaye gramafoni, ambayo mwaka 1928 ilimrekodi Siti binti Saad huko Bombay.

CT-skani huukata mwili kwa picha, si kwa kisu, vipande vyembamba kama vya mkate. Kompyuta huvipanga vipande hivyo kimoja juu ya kingine mpaka nyonga nzima isimame kwenye kioo, na daktari aweza kuizungusha, kuitazama kwa nyuma, kuutoa mchi kinuni na kuurudisha. Kisha huuchora mstari wa msumeno na kuamuru: hapa kata, geuza nyuzi 20, inua nyuzi 10. Mfupa wa kwenye kioo hutii. Halafu huukunja mguu huo wa bandia kidogo kidogo hadi mfupa ugonge mfupa, na mahali pa kugonga huonekana wazi. Ikiwa shingo inagonga ukingo wa kikombe mapema mno, mpango huo hufutwa, mwingine hujaribiwa. Mpango mbaya ukishindwa kwenye kioo, hakuna damu iliyomwagika wala mtoto aliyelala mezani akisubiri daktari afikiri. Hilo ndilo fadhila kubwa la kifaa hiki, wala sidhani kuna anayeweza kulipinga.

Lakini tazama, msomaji, kilichobaki bila jibu. Kompyuta itaonyesha kwamba mpango wa kwanza unampa mtoto kuketi kitini na kutembea akiwa amenyooka, na mpango wa pili unampa kukunja nyonga zaidi kwa gharama ya kunyoosha mguu nyuma. Upi ulio bora? Mashine haina maoni. Kuchuchumaa kwa kweli huhitaji nyonga ikunjike zaidi ya nyuzi 100, na kwa mtoto ambaye choo chake ni cha kuchuchumaa, ambaye hula mkekani na kupanda baiskeli kwa kurusha mguu juu ya tandiko, nyuzi 15 za kukunja huwa na thamani kuliko zilivyo kwa mtoto wa ghorofani mwenye choo cha kukalia. Mwenye kusujudu mara tano kwa siku naye ana hesabu yake. Ndiyo maana daktari aliuliza habari za choo. Alikuwa akimwomba bibi kile ambacho hakuna mashine yoyote duniani inayoweza kumpa, naye bibi kwa bahati mbaya akaona amevunjiwa heshima. Arudi akamweleze, tena kwa kirefu, na mtoto mwenyewe asemeshwe; mvulana wa miaka 13 anajua anachotaka kufanya na mguu wake.

Jambo hili lina uzito zaidi kwetu kwa sababu sehemu kubwa ya programu hizi ilitungwa kwa ajili ya nyonga za watu wengine, wenye kuketi vitini. Katika nchi za Ulaya na Japani, tatizo lililowashughulisha sana mabingwa wa mifupa ni kikombe kilicho kifupi, kisichokifunika kichwa cha mfupa ipasavyo. Msweden Gunnar Wiberg aliweka kipimo chake mwaka 1939: pembe ya ufuniko ikipungua chini ya nyuzi 20, kikombe ni kifupi, ikifika 25, ni kizima. Mwaka 1984 Reinhold Ganz wa Bern, Uswisi, na wenzake wakaanza kukata fupanyonga kukizunguka kikombe chenyewe na kukigeuza kizima kizima ili kifunike vema. Upasuaji huo ni mgumu, unafanyika mahali ambapo macho hayafiki, na ndio uliowasukuma wahandisi wengi kuleta kompyuta chumba cha upasuaji.

Kikombe kifupi ni nadra sana kwa watoto wa Afrika kusini ya Sahara, na sababu mojawapo inayotajwa na mabingwa ni mbeleko. Mtoto aliyebebwa mgongoni, mapaja yamepanuka na magoti yamekunjwa kiunoni mwa mama, hukikaza kichwa cha mfupa katikati ya kikombe wakati kikombe kingali laini. Wajapani walipowahimiza wazazi, tangu miaka ya 1970, waache kuwafunga watoto wachanga miguu ikiwa imenyooshwa, maradhi hayo yalipungua sana. Nasema haya kwa sababu nawaona akina mama wa mijini siku hizi wakiwaviringisha watoto kama sigara, miguu imebanwa pamoja, kwa kuiga picha za ng'ambo. Kumfunika mtoto kifuani ni sawa. Miguu iachwe ikunjike na kupanuka ipendavyo.

Nyonga zetu sisi huharibiwa na mengine. Kuna usaha uingiao kiungoni, kuna ajali za barabarani, na kuna selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliotumia damu za watoto wadogo zaidi ya 17,000 wa kaskazini magharibi ya Tanzania zilizokuwa zimeletwa Bugando kwa uchunguzi mwingine, ulikuta takriban mtoto mmoja katika kila watano amebeba urithi wa selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, na zaidi ya mmoja katika kila mia anao ugonjwa wenyewe. Mkoa wa Simiyu ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyopimwa. Chembe za damu zilizopinda kama mundu huziba vijia vyembamba vinavyokilisha kichwa cha mfupa wa paja, sehemu yake ikafa na hatimaye kubonyea. Mjapani Yoichi Sugioka alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba kichwa chaweza kukatwa na kuzungushwa ili sehemu iliyo hai ndiyo ibebe mzigo. Si kila mgonjwa afaaye kwa upasuaji huo, na kwa mwenye selimundu dawa ya usingizi na upungufu wa damu ni mambo ya kuangaliwa kwa makini. Lakini hapa pia picha za kompyuta zaweza kusaidia kuonyesha kama imebaki sehemu nzima ya kutosha kuzungushwa, kabla mtu hajafunguliwa bure.

Tusiitukuze mashine kupita kiasi. Kompyuta ya namna hii aghalabu huona mifupa tu. Haihisi misuli iliyokakamaa kwa miaka miwili ya kuchechemea, wala ngozi ya kiungo iliyokaza, kwa hiyo mguu wa kwenye kioo hukunjika kuliko utakavyokunjika mguu wa nyama. Tena mpango wa nyuzi 20 hautekelezeki wenyewe. Mahali penye uwezo huchapwa kiolezo cha plastiki kinachokaa juu ya mfupa kama kofia, chenye mwanya wa kupitishia msumeno. Pasipo na uwezo huo daktari hupima kwa waya na kipimapembe, na mkono wake ndio unaoamua. CT-skani nayo hutumia miali mingi kuliko eksirei ya kawaida, hivyo si kifaa cha kupigia mtoto picha kila mwezi kwa kutaka kujua tu. Picha moja ya kupangia upasuaji isikataliwe kwa hofu.

Habari njema ni kwamba mashine zenyewe haziko tena Dar es Salaam peke yake. Sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliopatikana mwaka 2021 kwa ajili ya kupambana na UVIKO-19 ilitumika kununua CT-skani za hospitali za rufaa za mikoa. Picha husafiri kwa waya upesi kuliko mgonjwa kwa basi. Bingwa aliye Bugando, au katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, aweza kuitazama nyonga ya mtoto ambaye hajaondoka kwao. Kwa familia yenye kuuza pamba ili ipate nauli, safari moja iliyopungua ni gunia la mahindi lililobaki ghalani.

Mjomba anauliza pia mtoto atakaa nyumbani kwa muda gani. Mfupa uliokatwa huchukua majuma sita hadi kumi na mawili kushikamana, pengine zaidi, na katika majuma ya mwanzo hatakiwi kuukanyaga mguu huo kwa uzito wote. Choo cha kuchuchumaa hakitamfaa wakati huo. Seremala wa kijijini aweza kutengeneza kiti chenye tundu, na kitengenezwe kabla mtoto hajarudi. Mwalimu wake aarifiwe mapema. Nyonga ya pili isisahauliwe, kwa kuwa kichwa cha upande wa pili nacho huweza kuteleza. Maumivu yoyote upande huo yaripotiwe mara moja. Bamba la chuma aghalabu huondolewa baadaye, mfupa ukiisha kukomaa, kwa siku atakayoipanga daktari.

Mwisho wa barua mjomba ameandika kwamba babu wa mtoto ameanza kuchonga mkongojo, na anataka kujua ushikwe kwa mkono upi. Mwanzoni mtoto atahitaji magongo mawili. Atakaporuhusiwa kutumia mmoja, aushike kwa mkono wa upande usiouma. Wengi hushika upande mbovu, wakidhani ndio wa kuegemezwa. Lakini mkongojo ulio upande wa pili uko mbali na nyonga mbovu, kama yule mtoto aliyekaa mwisho wa gogo, na nguvu kidogo tu ya mkono huipunguzia nyonga kilo nyingi. Babu aupime urefu wake mtoto akiwa amesimama na amevaa viatu: kishikio kifike kwenye kifundo cha mkono unaoning'inia.